Glavu za Mkandaji

Mashavu, jirani wa ukuta kwa ukuta, anaapa kwamba mumewe alizivaa zile glavu mwezi mzima, mwisho akasahau namna ya kumshika mtu. "Hata mtoto akilia, shoga, anatafuta glavu kwanza," alisema, na Siwema akacheka huku kajishika tumbo, maana kucheka kulimvuta kovu.

Siwema alipasuliwa utumbo, na nyama za ndani zikagandana na kovu. Sheria inakataza mikono mitupu kugusa tumbo lililopasuliwa. Kila nyumba yenye mgonjwa wa hivyo hupewa glavu zenye ujuzi wa mkandaji wa hospitali. Mtu huingiza vidole tu, zenyewe zikamwongoza.

Jioni mumewe, Hamduni, alizivaa akakaa ukingoni mwa kitanda. Vidole vilishuka chini ya kitovu, vikasita, vikahamia kulia, pale hasa panapouma, ambapo Siwema hakuwahi kumwambia mtu. Vikabonyeza polepole, kwa huruma, hata machozi yakamlengalenga Siwema. Akainua macho amshukuru. Hamduni alikuwa anatazama mpira.

"Umejuaje kama ni hapo?"

"Hapo wapi?" akauliza bila kugeuka.

Maumivu yalikuwa yanaachia kweli, lakini Siwema hakujua amshukuru nani, wala amwonee nani haya.

"Baba Rehani," alisema, "zivue. Niwekee mkono wako mwenyewe, mara moja tu. Nani atajua?"

Hamduni aliteremsha macho akazitazama glavu. Zilikuwa bado zinakanda, naye akatulia, kama mtu anayesubiri zimruhusu.