Ovaroli Isiyo na Mifuko

Masele aliitupa ovaroli juu ya cherehani ya dada yake.

"Siivai! Hata ungenishonea ya hariri, siivai!"

Apolonia aliisogeza pembeni uzi usije ukakatika, akaendelea kushona.

Wiki nzima dada huyu alishinda kwenye duara la Maganga, shimo la dhahabu kule Bugarama, akiwatazama wanaapolo, wachimbaji wake, kazini. Aliona wanavyotambaa, wanavyopiga magoti chini ya mwamba, wanavyotoka mgongo umelowa. Kisha akabuni ovaroli yake. Mgongoni aliacha nafasi ya kupitisha hewa, magotini akaweka kitambaa cha tabaka mbili. Mifuko hakuweka hata mmoja.

Hapo ndipo alipomshinda Pritesh, mwenye duka kubwa Kahama, aliyekuwa akiuza ovaroli za mifuko sita kwa nusu ya bei yake. Maganga aliipapasa ya Apolonia kifuani, kiunoni, matakoni, akakosa pa kuficha hata punje ya mchele. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akaagiza arobaini.

Basi huyo Maganga ndiye aliyekula mgao wa watu tangu Aprili. Makubaliano ya duara lake yalikuwa wazi: kila mwezi, kila mchimbaji na kifuko chake cha mawe ya dhahabu. Aliyedai aliambiwa asubiri. Aliyechoka kusubiri, akakutwa getini na jiwe mfukoni, alichapwa fimbo mbele ya wenzake. Masele alichapwa kumi na mbili, na makovu bado alikuwa nayo.

"Umetuuza, dada."

"Njoo nikupime."

"Sipimwi!"

"Wenzako wote wamekuja, mmoja mmoja. Umebaki wewe tu."

Ni kweli walikuja. Waliingia chumbani wakimtukana, wakatoka kimya. Boaz, mkali kuliko wote, alitoka akimwita Apolonia mama. Masele aliwaona wanafiki wakubwa, watu wa kununuliwa kwa kitambaa laini cha magotini.

Jumatatu Maganga alitangaza kwamba asiye na ovaroli mpya haingii duarani. Masele alikuwa na mtoto wa kulisha. Akaivaa ile ile aliyoitupa, iliyoshonwa kwa kukisia, ikambana mabegani. Alipitia nyumbani kwa dada yake makusudi ili amwone alivyofura kwa hasira.

"Haya, furahi," alimwambia.

Apolonia alimsogelea, akamnong'oneza neno moja sikioni, akarudi kwenye cherehani yake. Masele alikwenda kazini.

Saa kumi jioni walipanda juu, wakapanga foleni getini. Mlinzi alimpapasa Masele kifuani na kiunoni, akamvua buti, akachungulia hadi kwenye soksi. Maganga mwenyewe alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma, anaona raha.

"Msalimie dada yako," alisema. "Ana akili yule. Nimewaambia wenye maduara wenzangu wote waagize kwake."

"Salamu zitafika, bosi. Atawashonea wote."

Masele akapita getini taratibu, akijikaza asichechemee, maana katikati ya zile tabaka mbili, goti la kulia lilikuwa limebeba mgao wake wa Aprili, na la kushoto mgao wa Mei.