Spika ya Shangazi

"Iweke hapa mbele uione, usije ukaitupa nyuma na mizigo," shangazi yake alikuwa amesema kwenye uwanja wa ndege, akaipachika mwenyewe spika ya harusi juu ya dashibodi, kando ya dira. Raya hakubisha. Shangazi habishiwi.

Sasa ndege ndogo ilikuwa ndani ya wingu zito, na Raya peke yake kwenye usukani, haoni hata ncha ya bawa. Kulia kulikuwa na mlima. Njia salama ilikuwa moja tu, kaskazini bila kuyumba. Kipimo cha mwelekeo kilisema anakwenda kaskazini, lakini dira ikakataa: umepinda, rudi kulia. Siku zote yeye huiamini dira, maana kipimo huweza kuteleza kidogo kidogo. Akaanza kukata kulia, jasho likimchuruzika mgongoni.

Ndipo jicho likaangukia spika. Utotoni walikuwa wakivunja spika mbovu, wanatoa sumaku na kuiburuta mchangani hadi inaota ndevu za chuma.

"Shangazi, utaniua!"

Akainyakua, akaisukuma hadi kiti cha nyuma kabisa. Dira ikatetemeka, ikazunguka taratibu, ikakubaliana na mwenzake. Raya akarudi kaskazini na kushusha pumzi, kisha akajikuta anacheka peke yake kama kichaa.

Wingu lilipopasuka, mlima ulikuwa ubavuni, karibu kiasi cha kuona mbuzi wakimkodolea macho. Mbele, kando ya kiwanja cha kutua, wanawake wenye kanga walikuwa wameshajipanga kucheza, nyuso zao juu, wakisubiri muziki.