Maji ya Udhu

Jani jingine la mmea wa dirishani lilidondoka, laini kama lililochemshwa. Tunu akalificha kwenye upindo wa khanga kabla Adinani hajageuka.

Hakuwa na haja ya kulificha. Shemeji yake alikuwa amepiga magoti, akipapasa uvungu wa kitanda cha marehemu mama yake, Bi Sikuzani. Mito alikwishaipasua, na magodoro aliyatoa uani.

"Karatasi hiyo haipo," alisema akijikung'uta vumbi. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa mwenyekiti wa mtaa anakuja. Ukiionyesha, nyumba yako. Usipoionyesha, funga virago."

Mtaa mzima wa Ng'ambo ulijua habari ya karatasi hiyo. Bi Sikuzani aliiandika kwa mkono wake, kwa wino wa chupa aliouacha mumewe, karani wa reli, kwamba nyumba amempa Tunu, mjane wa mwanawe mkubwa, aliyemtunza miaka sita. Mashahidi wake wawili walikwishafariki. Mahali alipoificha hakumwambia mtu, maana tabia ya Adinani aliijua vizuri. Yeye ndiye aliyemzaa.

Siku ya kupelekwa hospitali Mwanza, alisema jambo moja tu mlangoni, pumzi zikimkatika.

"Mmea wangu, mwanangu. Usiutie maji."

Ulikuwa mmea wa kutambaa, wenye majani manene ya kijani na mabaka meupe, ukining'inia kutoka kwenye chungu cha dirishani hadi karibu na sakafu. Usiutie maji! Tunu aliona ni homa inasema. Kwa kiangazi kile cha Tabora hata mndimu wa uani ulikuwa umejikunja. Kiumbe gani kinaishi bila maji? Basi kila alipotawadha, aliyachukua maji yaliyobaki kwenye birika akayamimina chunguni taratibu, akiomba: Ya Rabi, mponye mama. Mara tano kwa siku.

Habari ya kifo ilipofika hakuacha. Aliendelea kumimina, sasa akimwombea marehemu rehema.

Mmea nao ukazidi kulegea. Akadhani bado una kiu, akaongeza. Mashina yakageuka meusi, na kisahani cha chini kikajaa maji ya samawati. Akasema moyoni, chungu hiki kinachuja rangi. Aibu ilimtafuna. Aliachiwa amana moja tu, nayo ilikuwa ikimfia mikononi.

Ijumaa mchana Mzee Kashindye, mwenyekiti wa mtaa, aliketi sebuleni. Adinani alikuwa mlangoni na kufuli jipya mkononi.

"Binti yangu," mzee alisema kwa huruma, "kama huna karatasi, mimi sina la kufanya."

Hapo ikasikika hodi.

Aliingia mwanamke mwenye msalaba mdogo shingoni, begi la safari begani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naitwa Advera, wa Kipalapala. Ni muuguzi Mwanza, nimefika asubuhi hii kwa likizo. Tunu ni nani hapa?"

"Ni mimi, dada."

"Pole sana. Nilikuwa na mama usiku wake wa mwisho. Alinituma kwako." Macho yake yakamwendea Adinani, kisha mwenyekiti. "Alitaka niseme mbele ya shahidi."

Adinani alisimama wima. Tunu alishika ukuta.

"Aliniambia, mwanangu Tunu ni msikivu, sina wasiwasi naye. Akanitajia na mahali ilipo." Advera akanyoosha kidole dirishani. "Karatasi iko humo chunguni, chini ya mizizi. Ndiyo maana alikukataza maji."

Mzee Kashindye alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Akaushika mmea shinani, ukang'oka wenyewe. Akazamisha mkono hadi kwenye kifundo, akapapasa, akapapasa tena. Alipoutoa, kiganja kilikuwa kimejaa rojo la karatasi, na vidole vyote vitano vilikuwa vya samawati.