Namba Ishirini za LUKU

Yuniti za umeme zilikuwa zimebaki mbili, na Mariana hakumwambia mtu.

Alishapiga hesabu tangu jana. Mashine ya kupasulia mbao inakula umeme balaa. Ubao wa pili wa mninga hautafika mwisho. Tokeni mpya ilikuwa tayari kwenye simu yake, namba ishirini, kainunua asubuhi kimyakimya.

"Mama, kaa pale kwenye benchi," alimwambia mteja wa mlango, aliyeshuka kwenye gari la Mtowisa kitenge kimejaa vumbi. Mariana alikuwa amempigia simu mara tatu: njoo ujionee mwenyewe mlango wako unavyopasuliwa.

Fundi Kasmir akawasha mashine. Karakana ikavuma mpaka mabati yakatetemeka.

"Binti, sema sheria!" alipaza sauti, kama kila siku.

"Bladi ichungulie juu ya ubao kidogo tu. Usisimame nyuma ya ubao, ukirudi unakutoboa tumbo. Mwishoni sukuma kwa kijiti, siyo kwa mkono. Vua saa, vua bangili."

"Safi! Na wewe mama usiogope, hapa hakatwi mtu."

Saa ya dhahabu feki ikang'aa mkononi mwa fundi. Yeye mwenyewe hajawahi kuivua.

Hapa hakatwi mtu! Mariana akauma meno. Baba yake, Mathias, aliacha vidole vinne kwenye mashine hiyohiyo. Umeme ulikatika, ubao ukabana, na Kasmir, chapati mkononi, akamwambia, "Nimezima, utoe." Umeme ukarudi. Kesho yake Kasmir akautangazia mtaa mzima wa Majengo kwamba Mathias alikuwa amelewa, kasahau kuzima swichi. Aisee, mtu ambaye hata pombe ya ulezi ya harusini alikuwa haonji!

Watu wakaamini. Hata ndani ya nyumba yake mwenyewe alichekwa. Chapati! Habari ya chapati aliirudia mpaka siku anakufa, na mwishoni alibaki Mariana peke yake wa kumlisha uji.

Kasmir hakukanyaga Pito, kijijini kwao, hata siku ya msiba. Ndiyo maana kwa miezi minane sasa anamfundisha kazi mtoto asiyejua ni wa nani.

Ubao wa pili ukafika katikati. Mashine ikalegea, ikanyamaza. Taa nazo zikazimika.

"LUKU imeisha! Aah!" Kasmir akasonya. "Na mninga umebana. Zima swichi niutoe."

Mariana akaenda ukutani, penye swichi na mita ya LUKU.

"Nimezima, fundi."

Kasmir akapitisha mkono pembeni ya bladi, akavuta ubao. Mkanda wa saa ukanasa kwenye jino.

"Binti, njoo uninasue."

Ti. Ti. Ti.

"Unabonyeza nini huko?"

"Tokeni."

"Subiri kwanza! Mkono uko ndani!"

Ti. Ti. Ti.

"Mimi ni mtoto wa Mathias wa Pito, fundi."

Kasmir akakodoa macho. Jasho likaanza kumchuruzika na baridi yote ile ya Sumbawanga.

"Binti... umezima kweli?"

"Nimezima. Kama ulivyomzimia baba."

Namba ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Kasmir akavuta mkono, ngozi ikachubuka, saa haiachii. Ya kumi na sita.

"Sikukusudia, mwanangu! Sikwenda kwenye swichi! Nilikuwa nakula, nina chapati mkononi, nikaona uvivu kunyanyuka, nikasema tu nimezima! Nisamehe!"

Ya kumi na tisa. Kidole cha Mariana kikasimama hewani.

"Na pombe?"

"Hakuwa amelewa! Nilimsingizia mimi! Mungu wangu, nilimsingizia!"

Ti.

Taa zikawaka. Redio ya pale dirishani ikaanza kuimba. Kasmir akafumba macho, akapiga yowe lililofika barabarani.

Bladi haikutikisika. Swichi ilikuwa imezimwa kweli, na plagi ya mashine ilikuwa imechomolewa, imo mfukoni mwa aproni ya Mariana.

Wala hakumtazama Kasmir. Alikuwa anatazama benchi, kwa yule mteja wa mlango, ambaye sasa kajifunika kitenge usoni na mabega yanamtetemeka.

"Umeisikia ile chapati, mama?" alimuuliza. "Haya, rudi kwa mume wako mpya. Baba alikufa anakusubiri."