Mawaridi Saba ya Otakar

Vlasta alimaliza bakuli la tatu la supu tangu asubuhi, akamwita mhudumu aagize la nne.

"Shoga, una minyoo?" Jarmila alimkazia macho. "Si wewe usiyependa supu?"

"Kuna baridi."

"Baridi ya Praha ipo tangu hatujazaliwa. Saa nane hii! Otakar alisema tufike saa sita."

Vlasta akalishika bakuli kwa mikono miwili, vidole visijue kama ni la moto. Tangu asubuhi alikuwa hivyo, ganzi mwili mzima, kama mtu aliyechomwa sindano ya jino kisha daktari akamsahau kitini.

Bibi hawa wawili ni marafiki tangu darasa la kwanza. Walikuja kwa treni jana yake kutoka Olomouc, likizo ya siku tatu, Krismasi ikiwa mlangoni. Likizo yenyewe ilikuwa kisingizio. Jarmila alikuja kupatana na kaka yake, Otakar, ambaye hawakuwa wamesemezana naye kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameseti nywele, na koti alilovaa lilikuwa jipya.

Na ugomvi wao, ukiusikia, sijui utacheka au utatukana. Mwaka ule Otakar alikwenda kula mkesha wa Krismasi nyumbani kwa Jarmila. Jarmila alikuwa amepanga foleni saa mbili nzima thelujini kununua samaki wa mkesha, wale wanaouzwa hai kwenye mapipa barabarani. Akamweka kwenye beseni la kuogea, kama wafanyavyo watu wote kule. Wajukuu wakampa jina. Siku ya kumchinja wakaangua kilio, na Otakar, bila kumuuliza mtu, akamtia samaki kwenye ndoo akaenda kumwachia mtoni. Mezani vikapakuliwa viazi vitupu, na juu ya viazi hivyo ndugu wawili wakaambiana maneno ambayo hayaambiwi hata adui. Watu wazima hao! Kwa samaki mmoja!

Vlasta ndiye aliyewapatanisha, kwa simu, miezi mitatu akibembeleza huku na huku, maana Jarmila aliapa hatazungumza na Otakar mpaka amwone uso kwa uso. Wiki iliyopita Otakar akalegea kabisa. "Aje tu," alisema. "Mwambie safari hii samaki nimenunua mimi."

Walipotoka mkahawani, Vlasta akataka kuliona daraja.

"Tumeshalipita mara mbili!"

"Sijaliangalia vizuri."

Wakaliangalia. Kisha akataka kuingia kanisani, akakaa kwenye benchi robo saa, na hakuwa mtu wa kanisa. Kisha akasema mguu unamsumbua, wakapanda tramu, wakaenda nayo mpaka kituo cha mwisho na kurudi. Jarmila akawa kila dakika anatazama saa. Simu ikalia mfukoni mwa Vlasta, naye akaizima bila kuitazama.

"Nani huyo asiyechoka?"

"Binti yangu. Anauliza kama nimevaa soksi za sufu."

"Mara tano kwa siku moja? Na ile ya asubuhi, nilipokuwa naoga?"

"Ile ya hotelini. Habari za chai."

Waliposhuka, Jarmila akaingia duka la maua bila kumngoja.

"Ya kumpelekea mtu au ya makaburini?" muuzaji akauliza.

"Ya mtu, bwana we! Mtu wa miaka sabini na sita, anakula kuliko mimi na wewe. Nipe mawaridi saba. Na uhesabu vizuri, usinipe sita, hesabu ya maua ya maiti, ukanichuria kaka yangu."

"Naijua kazi yangu, mama."

"Usinunue leo," Vlasta akasema. Sauti ilimtoka kavu. "Yatanyauka. Twende kesho."

"Kesho!" Jarmila akamgeukia. "Kesho tunapanda treni asubuhi! Wewe leo una nini?"

Muuzaji akahesabu saba kwa sauti, akayafunga kwenye karatasi.

Walifika kwa Otakar saa kumi na nusu, jua la Desemba, liwahilo kuzama kule, likiwa limeshazama. Jarmila alitangulia mbele mwendo wote bila kugeuka nyuma. Pale mlangoni akajitazama kwenye kioo kidogo, akapaka rangi ya mdomo. Akainua macho kwenye ghorofa ya tatu. Dirisha lilikuwa wazi kabisa, baridi yote ile, pazia likipepea nje.

"Mwone! Anapasha moto mtaa mzima. Hajaacha uchizi wake." Alikuwa anacheka na machozi yanamlenga.

Akanyoosha kidole kwenye kengele. Vlasta akaingia katikati, akaikinga kengele kwa mgongo wake.

"Sogea, Vlasta."

"Jarmila, ngoja."

"Ningoje nini? Siku nzima umenizungusha kama punda wa kinu! Sasa nimekujua. Miaka kumi na mmoja kila mkesha unakula mezani kwangu, mjane na mjane mwenzake, na leo unaona nikimpata ndugu yangu utakula peke yako. Niambie kama si wivu huo! Niambie!"

Vlasta alivua glavu, akapeleka mkono kwenye shada, akachomoa waridi moja, akalitia mfukoni mwa koti lake.

Yakabaki sita.