Karatasi Chini ya Dawati

Nyamizi alimkuta Heri kwenye baraza ya bweni la wanaume, amepiga goti juu ya godoro lake, akilifunga kwa kamba. Asubuhi ile msimamizi wa mtihani aliokota karatasi ya kuibia majibu chini ya dawati walilokalia wote wawili. Kabla Nyamizi hajafungua kinywa, rafiki yake huyo wa miaka mitatu alisimama, akasema ni yake. Kufika adhuhuri, alikuwa ameshafukuzwa chuo.

“Nani alikutuma?” Nyamizi alifoka.

“Nisingesema mimi, ungefukuzwa wewe.”

“Mimi? Kwa lipi?” Ndipo alipoelewa, na damu ikamchemka. “Heri, ile karatasi haikuwa yangu! Tumesoma pamoja, tumekula sahani moja, halafu unanidhania mwizi wa mtihani?”

Heri aliiachia kamba. “Sikuwaza hata kidogo. Niliona tu wanataka kukuondoa. Nakupenda, Nyamizi. Tangu siku nyingi.”

“Usiniambie habari hizo sasa hivi!”

Alimkamata mkono, akamburuta kuelekea ofisi ya mkuu wa chuo. Njia nzima alimshushia maneno: mpumbavu, mjuaji, mtu wa kujitoa mhanga bila kuulizwa. Wanafunzi waliwapisha wakiwakodolea macho. Katikati ya uwanja aligundua kwamba vidole vyao vilikuwa vimeshikamana. Hakuviachia, wala hakunyamaza. Walipofika mlangoni, aliugonga kwa mkono wa pili, kwa ngumi.