Maiti wa Mgombea

Picha ilikuwa kubwa kama mlango wa zizi, imening'inizwa ubavuni mwa gari la matangazo. Wanawake wamelazwa chini kwa safu, wamefunikwa vitenge hadi kichwani, miguu tu ndiyo iko nje. Wa mwisho pembeni alikuwa na soksi upande mmoja, ya mistari ya njano.

"Hawa ni mama zenu," Chediel, mgombea, alisema kwenye kipaza sauti. "Walikwenda kuuza vitunguu ng'ambo ya mpaka, wakachinjwa. Picha imetoka hukohuko, maandishi yake ya Kifaransa mnayaona. Na watu wa damu hiyohiyo tunao hapa Misigiri. Wanatukamulia alizeti."

Hakutaja jina, hakuwa na haja. Vichwa viligeukia mashine ya Damiani, ambaye aliletwa kutoka ng'ambo akiwa mgongoni mwa mama yake, na mpaka leo hajui Kifaransa hata cha kuombea maji. Urbano, ambaye ng'ombe wake wamenenepa kwa mashudu ya bure ya Damiani, ndiye aliyeshika dumu la petroli.

Bibi Magdalena aliitazama ile miguu, akaitambua. Akatema mate chini, akayafukia kwa kiatu.

"Nisogezeni mbele."

"Utaweza kusimama, bibi?" jirani yake Eliana akauliza.

"Kusimama naweza. Kuketi ndiyo kazi. Tangu nirudi msibani kwa Bonaventura, kule Manyoni, tulikolala chini, kiuno hiki si changu tena."

Akapita akiburuza mguu wa kushoto, ule wenye baridi yabisi. Chediel alipomwona anafuta macho, uso ulimng'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Akamshika mkono, akampandisha garini. Shikamoo hakutoa, alikuwa na haraka ya kura.

"Bibi, unawafahamu marehemu hawa?"

"Wote. Huyu Yasinta. Huyu Jesca, kisigino kimempasuka tangu usichana. Huyu Winfrida, anakoroma kama mashine ya kusaga."

"Umewajuaje?"

"Nililala nao mkeka mmoja."

Uwanja ukaguna. Mama mmoja akaanza kulia.

"Mmesikia," Chediel akasema, mate yakimruka. "Mungu ametubakizia shahidi."

Urbano akafungua kifuniko cha dumu.

Harufu ya petroli ilikutana na marashi ya mgombea puani mwa Magdalena. Nusura atapike juu ya viatu vya Chediel vilivyochongoka kama mdomo wa korongo. Akameza. Kutapika kungemharibia maneno, na watu walikuwa wamenyamaza vizuri.

"Na huyu wa mwisho, bibi, mwenye soksi? Waambie wananchi. Huyu naye ni nani?"

Magdalena akamwegemea mgombea begani kama anayetaka kuanguka. Akavua kiatu cha kushoto, akaupandisha mguu juu ya spika, soksi ya mistari ya njano ileile, kidole kinachungulia tunduni.

"Huyu," akasema kwenye kipaza sauti, "anangoja shikamoo yako."